Mchezo wa Kranki na Washa za Msukumo: Mwongozo kwa Mafundi wa Injini za Zamani

Fundi anayefumua injini ya zamani hupokea kazi isiyo na nafasi kubwa ya kukosea. Bloku ya injini iliyoacha kutengenezwa miongo kadhaa iliyopita haiagizwi dukani kama filta ya oili. Ikiharibika, gari zima huweza kubaki juu ya mawe. Kwa hiyo kila kipimo kina uzito wake, na miongoni mwa vipimo vinavyopuuzwa mara nyingi ni mchezo wa kranki wa mbele na nyuma. Fundi hupima kwa makini unene wa jonali, mviringo wa silinda na pengo la ringi za pistoni, kisha hufunga kranki, huisukuma kwa mkono, huona inasogea kidogo na kuridhika. Kuridhika huko si kipimo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja. Washa ya msukumo iliyokwisha ni ushahidi wa kasoro iliyoko mahali pengine: kwenye klachi, kwenye giaboksi, kwenye oili, au kwenye kazi ya fundi aliyetangulia. Kuweka washa mpya bila kuitafuta kasoro hiyo ni kumrudishia mwenye gari hasara ile ile ikiwa imefungwa upya. Kipimo huonyesha ukubwa wa tatizo. Kulimaliza kunahitaji kujua chanzo.

Kazi ya beringi ya msukumo

Beringi kuu, ambazo mafundi huziita mein, huishika kranki isiyumbe juu, chini wala kando. Haziwezi zenyewe kuizuia isitembee kuelekea mbele au nyuma ya injini. Kazi hiyo ni ya beringi ya msukumo, inayowekwa mahali pamoja tu. Chuma hurefuka kwa joto, na kranki iliyobanwa mahali pawili ingejifunga yenyewe pindi injini inapochemka. Ikishikwa mahali pamoja, huwa huru kurefuka kuelekea upande mwingine.

Injini nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 hadi 1970 hutumia washa za nusu mduara, maarufu madukani kwa jina la trast washa, zinazokaa pande mbili za beringi kuu moja. Injini nyingine hutumia beringi yenye kingo zilizokunjwa pembeni. Umbo ni tofauti, kazi ni ile ile. Katika Land Rover ya lita 2.25, yaani cc 2286, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 na ambayo bado inafanya kazi katika mashamba na mbuga nyingi za Tanzania na Kenya, washa hizo ziko kwenye beringi ya katikati. Katika Triumph za silinda 6 ziko kwenye beringi ya nyuma. Katika Volkswagen Beetle inayopozwa kwa hewa, msukumo hubebwa na beringi namba 1, iliyo upande wa flaiwili. Fundi hana budi kujua mahali hapo kabla ya kufungua boliti ya kwanza, kwa kuwa ndipo ukaguzi wake utakapoanzia.

Mzigo mkubwa unaoangukia beringi hii hutoka kwenye klachi. Dereva akikanyaga klachi, rilizi beringi huisukuma presha pleti, na nguvu hiyo hupitia flaiwili na kuielekeza kranki mbele. Kwa hiyo washa ya upande wa nyuma ndiyo inayolika zaidi katika mpangilio wa kawaida wa injini hizi. Fundi akikuta washa ya mbele ndiyo iliyolika, hapaswi kuendelea na kazi hadi apate maelezo, kwani hali hiyo huashiria nguvu isiyo ya kawaida inayoivuta au kuisukuma kranki kuelekea nyuma.

Oili inayoilinda washa haitoki kwenye njia yake yenyewe. Hutoka kwenye beringi kuu iliyo jirani, ikichuruzika pembeni na kupita kwenye mifereji iliyochongwa usoni mwa washa. Washa ni bapa, na uso bapa hauna uwezo mkubwa wa kujenga utando mnene wa oili kama ujengavyo uso wa mviringo wa jonali. Ndiyo maana washa ya msukumo huvumilia mzigo wa muda mfupi, kama ule wa kubadilisha gia, lakini hushindwa upesi inapobebeshwa mzigo wa kudumu.

Vipimo na maana yake

Mchezo wa kranki ni umbali ambao kranki husogea kutoka kikomo cha mbele hadi kikomo cha nyuma. Vitabu vya injini za Uingereza huutaja kwa thau, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi. Thau 1 ni sawa na mm 0.0254. Fundi anayetumia vitabu vya nchi mbalimbali lazima aweze kugeuza kipimo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kukisia.

Kwa Land Rover ya lita 2.25, mchezo unaotakiwa ni mm 0.05 hadi 0.15, yaani thau 2 hadi 6. Kwa Volkswagen Beetle ni mm 0.07 hadi 0.13, na ukifika mm 0.15 umefikia kikomo cha uchakavu. Tarakimu hizi haziazimwi kutoka injini moja kwenda nyingine. Kila injini ina kitabu chake, na hata injini ya jina moja huweza kubadilika kutoka toleo hadi toleo: Land Rover hiyo hiyo ilianza na beringi kuu 3, kisha ikapewa 5 kuanzia mwaka 1980. Namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku ndiyo inayoamua kitabu kipi kifuatwe. Kibao kilichobandikwa mlangoni hakitoshi, kwa sababu magari mengi ya umri huo yamekwisha kubadilishwa injini.

Mchezo ukiwa mdogo kupita kiasi, oili hukosa nafasi ya kupita. Washa hupata joto, chuma chake laini huyeyuka na kushikana na shavu la kranki, na uharibifu huo huweza kutokea muda mfupi tu baada ya injini kuwashwa. Ukiwa mkubwa kupita kiasi, madhara huja polepole lakini huenea. Konrodi huvutwa pembeni na kusugua mashavu ya kranki, pedali ya klachi hubadilika urefu wa mwendo wake, oili sili ya nyuma huanza kuvuja, na mlio wa kugonga husikika klachi inapokanyagwa au kuachiliwa. Katika Volkswagen Beetle, gia inayoendesha distribyuta imefungwa juu ya kranki yenyewe. Kranki ikicheza mbele na nyuma, wakati wa cheche nao huyumba. Fundi asiyejua hilo huweza kurekebisha taimingi mara nyingi bila kupata utulivu.

Hatari kubwa zaidi huonekana katika Triumph za silinda 6. Humo washa ni mbili tu za nusu mduara, zimekaa upande wa bloku, na kinachozizuia zisizunguke ni kepu ya beringi. Washa ikilika hadi kuwa nyembamba, hutoka mahali pake na kuangukia kwenye sampu. Kuanzia hapo shavu la kranki husaga chuma cha bloku moja kwa moja. Kosa la kipuri cha bei ndogo hugeuka kuwa kifo cha bloku na kranki kwa pamoja.

Namna ya kupima

Kipimo cha kwanza huchukuliwa kabla injini haijafunguliwa. Gari likiwa limezimwa, betri imetolewa waya, magurudumu yamewekewa vizuizi na gia iko huru, msaidizi hukanyaga na kuachilia klachi huku fundi akitazama puli ya mbele ya kranki. Puli ikionekana kusogea kwa macho, tayari kuna sababu ya kutosha ya kuifungua injini. Geji ya saa ikiwekwa kwenye puli hiyo, tarakimu hupatikana na huandikwa kwenye kadi ya kazi. Kipimo hiki ndicho pekee kinachoonyesha hali ambayo injini ilikuwa ikifanyia kazi. Injini ikishafumuliwa hakiwezi kurudiwa.

Kipimo cha pili huchukuliwa katika ufungaji wa majaribio, kranki ikiwa ndani ya bloku na kepu zote zimekazwa kwa spana ya torki kwa kiwango cha kitabu. Geji ya saa hushikizwa imara kwenye bloku, na mguu wake huelekezwa sambamba na mhimili wa kranki. Ukielekezwa upande, usomaji hudanganya. Kranki husukumwa hadi mwisho kwa nyenzo yenye ncha isiyokwaruza, geji huwekwa sifuri, kisha kranki husukumwa upande wa pili na tarakimu husomwa. Nyenzo haiegemezwi kwenye uso wowote ambao beringi au sili itakalia. Zoezi hurudiwa baada ya kuizungusha kranki robo mzunguko, mpaka mzunguko mzima ukamilike. Tarakimu zikitofautiana waziwazi, uso wa shavu la kranki haujanyooka, au kuna uchafu nyuma ya washa.

Karakana isiyo na geji ya saa inaweza kutumia fila geji, kwa kuiingiza kati ya washa na shavu la kranki baada ya kuisukuma kranki upande mmoja. Njia hii inakubalika, lakini huficha kasoro ya uso usionyooka. Karakana inayotaka kuaminiwa na wenye magari ya thamani haina budi kumiliki geji ya saa na maikromita, na kuvitunza visianguke wala kupata kutu.

Kipimo cha tatu huchukuliwa baada ya flaiwili na klachi kufungwa, kabla ya injini kurudishwa kwenye gari. Lengo ni kuhakikisha kwamba hakuna kilichobadilika wakati wa ufungaji. Mara kadhaa hubadilika, hasa pale puli ya mbele ilipopigwa kwa nyundo ili iingie. Pigo hilo hupokelewa na washa ya msukumo. Puli huvutwa kwa boliti yake au kwa kifaa maalumu, na nyundo hubaki kwenye kisanduku.

Kutafuta chanzo

Uchunguzi wa chanzo huanza na klachi. Presha pleti nzito kuliko iliyokusudiwa na mtengenezaji huongeza mzigo kila mara klachi inapokanyagwa. Pedali isiyo na nafasi huru huifanya rilizi beringi iguse presha pleti wakati wote, na mzigo wa muda mfupi hugeuka kuwa wa kudumu. Katika Volkswagen Beetle, pedali inatakiwa iwe na nafasi huru ya mm 10 hadi 20 kabla haijaanza kufanya kazi. Katika magari yenye klachi ya mafuta, silinda ndogo inayoshindwa kurudi huleta madhara yale yale. Dereva naye anaweza kuwa chanzo: kuweka mguu juu ya pedali safari nzima, au kushikilia klachi chini kwenye foleni ndefu, huimaliza washa kabla ya wakati. Jambo hili huelezwa kwa mwenye gari kwa staha na uwazi, kwa kuwa ni haki yake kulijua.

Baada ya klachi hufuata giaboksi. Magari mengi ya zamani yamefungwa giaboksi zisizo zake. Shafti ya giaboksi ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, ncha yake hufika mwisho wa tundu lililo nyuma ya kranki na kuisukuma mbele pindi boliti za giaboksi zinapokazwa. Dalili yake huonekana wazi: kranki iliyokuwa na mchezo sahihi mezani hukosa mchezo kabisa baada ya giaboksi kufungwa. Urefu wa shafti na kina cha tundu hupimwa kabla ya kuunganisha.

Kranki yenyewe huchunguzwa pia. Karakana ya kuchonga inapochonga jonali za kranki, jiwe la kusagia huweza kugusa shavu ambalo washa hulikalia na kuliacha na mikwaruzo. Uso wenye mikwaruzo hukwangua washa mpya kama tupa. Kona ya mviringo iliyo kati ya jonali na shavu nayo hutazamwa. Ikiwa imeachwa kubwa kuliko ya awali, ukingo wa ndani wa washa hupanda juu yake, na mzigo wote hubebwa na ukingo huo mwembamba. Kranki hukaguliwa siku inapotoka kuchongwa, na yenye kasoro hurudishwa siku hiyo hiyo pamoja na maelezo ya maandishi.

Chanzo kingine ni oili. Oili chafu hupachika chembe za chuma na mchanga kwenye uso laini wa washa. Oili isiyofika ya kutosha kwenye beringi kuu haiwezi kufika kwenye washa. Mwisho ni umeme. Waya wa ethi kati ya injini na fremu ukilegea au ukikatika, mkondo wa stata hutafuta njia kupitia kranki na beringi zake. Kuchomelea fremu huku kibano cha mashine kimewekwa mbali huleta hatari hiyo pia. Uso wa washa huachwa na vitundu vidogo visivyolingana na mikwaruzo ya uchafu, na fundi aliyezoea huvitambua.

Kurekebisha mchezo uliozidi

Washa za injini nyingi za Uingereza hupatikana katika unene wa kawaida na unene uliozidishwa. Kwa Land Rover ya lita 2.25 kuna zilizozidi kwa inchi 0.0025, 0.005, 0.0075 na 0.010. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ufungaji wa majaribio kwa washa za kawaida umetoa mchezo wa thau 11, na lengo ni karibu thau 4. Kinachotakiwa kupunguzwa ni thau 7. Washa iliyozidi thau 2.5 upande mmoja na iliyozidi thau 5 upande wa pili hupunguza thau 7.5, na mchezo hubaki thau 3.5, karibu mm 0.09. Tofauti kati ya pande mbili ni thau 2.5. Hiyo inakubalika, kwani kwa injini hiyo unene wa pande mbili hautakiwi kutofautiana kwa zaidi ya thau 3, ili kranki ibaki katikati na konrodi zisivutwe upande mmoja. Kuweka nyongeza yote upande mmoja kungetoa tarakimu nzuri kwenye geji na kuacha injini iliyopinda mpangilio wake.

Kila washa hupimwa kwa maikromita kabla ya kufungwa, hata ikiwa imetoka kwenye boksi lenye nembo maarufu. Vipuri bandia vipo sokoni, na boksi halina uwezo wa kuthibitisha unene. Nusu mbili zinazokaa upande mmoja zinatakiwa kulingana. Zisipolingana, nusu nene hubeba mzigo wote peke yake. Uso wenye mifereji hutazama shavu la kranki, na mgongo wa chuma hutazama bloku. Washa iliyogeuzwa huanza kuila kranki tangu injini inapowaka.

Mchezo ukiwa mdogo na washa nyembamba zaidi haipatikani, mgongo wa chuma huweza kupunguzwa kwa kusuguliwa taratibu juu ya kioo bapa chenye msasa laini na oili, huku unene ukipimwa mahali pengi kila baada ya muda mfupi. Uso wenye mifereji hauguswi kwa msasa wala tupa. Kwa upande wa pili, kujaza mchezo uliozidi kwa kuweka karatasi, bati la kopo au gundi nyuma ya washa hakuwezi kuitwa ufundi. Vitu hivyo huhama, husagika na kuziba njia za oili, na fundi aliyeviweka huwajibika kwa yatakayofuata.

Shavu la kranki lililolika huchongwa upya na kurudishiwa unyoofu na ulaini wake, kisha washa nene huchaguliwa kufidia chuma kilichoondolewa. Bloku iliyosagwa baada ya washa kuanguka inaweza kuokolewa na karakana ya mashine kwa kusawazisha uso na kuweka washa kamili zilizofungwa kwa pini. Kazi hiyo ina gharama, na mwenye injini hupewa makadirio kabla haijaanza.

Utaratibu wa Volkswagen Beetle

Beetle ina njia yake. Mchezo hupangwa kwa shimu 3, yaani ringi nyembamba za chuma, zinazokaa kati ya flaiwili na beringi namba 1. Idadi hiyo haibadilishwi. Kinachobadilishwa ni unene. Shimu hizo hutengenezwa kwa unene wa mm 0.24, 0.30, 0.32, 0.34, 0.36 na 0.38. Flaiwili hufungwa kwanza ikiwa na shimu 2, bila oili sili, na mchezo husomwa kwa geji. Tarakimu iliyopatikana hupunguzwa mm 0.10, na jibu ndilo unene wa shimu ya tatu. Geji ikisoma mm 0.44, shimu ya tatu ni ya mm 0.34. Baada ya hapo flaiwili hutolewa, shimu zote 3 na oili sili huwekwa, na mchezo hupimwa tena kuthibitisha kwamba uko kati ya mm 0.07 na 0.13.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika kasha la injini lililochoka, beringi namba 1 yenyewe husogea ndani ya kasha hilo. Geji itaonyesha mchezo, lakini shimu hazitauondoa, kwa sababu kinachocheza ni beringi dhidi ya kasha. Fundi hutazama beringi wakati flaiwili inasukumwa na kuvutwa. Ikisogea, kasha hupelekwa kuchongwa upya na kuwekewa beringi inayolingana na machongo hayo. Kuongeza unene wa shimu katika hali hiyo ni kuficha ugonjwa.

Kufunga na kuwasha mara ya kwanza

Usafi hutangulia. Njia za oili za kranki na bloku hupigwa brashi na kuoshwa, kwa kuwa mabaki ya kuchonga hujificha humo. Washa hushikizwa mahali pake kwa grisi kidogo, na beringi hupakwa oili safi. Kepu hurudishwa kwa namba na mwelekeo wake. Kepu ya beringi yenye msukumo hukazwa mwisho. Huachwa imekazwa kwa vidole, kranki husukumwa nyuma na mbele ili uso wa kepu ulingane na uso wa bloku, kisha hushikiliwa mbele huku boliti zikikazwa kwa torki. Hatua hii huchukua dakika chache na huzuia hali ambayo nusu moja tu ya washa inagusa kranki. Baada ya kila kepu kukazwa, kranki huzungushwa kwa mkono, na ikigoma kazi husimama.

Injini haiwashwi kabla presha ya oili haijajengwa kwa kuzungusha pampu au stata huku plagi zimetolewa. Kwa injini ya dizeli, hufuatwa utaratibu wa kitabu chake. Uwashaji wa kwanza hufanywa gia ikiwa huru na breki ya mkono imefungwa, bila kukanyaga klachi, ili washa isibebe mzigo kabla ya kupata oili. Desturi hiyo inafaa kuendelezwa na mwenye gari, hasa gari likiwa limelala muda mrefu. Wakati wa huduma ya kwanza, mchezo hupimwa tena kwenye puli na kulinganishwa na kumbukumbu.

Usalama na haki kazini

Klachi na gasketi za magari ya zamani huweza kuwa na asbesto. Vumbi lake halipulizwi kwa kompresa wala kufagiwa likiwa kavu. Hulowanishwa, hufutwa kwa kitambaa kinachotupwa kwa utaratibu, na mfanyakazi huvaa barakoa inayofaa. Kranki nzito hubebwa na watu wawili au kwa winchi, na huhifadhiwa imesimama wima mahali isipoweza kuanguka. Hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Mambo haya si hisani ya mwenye karakana. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na Kenya ina sheria ya aina hiyo ya mwaka 2007. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Mwanafunzi wa ufundi hastahili kutumwa kazi ya hatari bila vifaa na bila msimamizi. Kwa upande wake, mfanyakazi hutumia vifaa alivyopewa, hutunza vyombo vya kupimia na hutoa taarifa mapema anapoona hatari au anapokosea.

Kumbukumbu, uadilifu na kupanda daraja

Kila kazi ya kranki huacha kumbukumbu: namba ya injini, mchezo uliokutwa, mchezo wa ufungaji wa majaribio, unene wa kila washa, mchezo wa mwisho, chanzo kilichopatikana na hatua iliyochukuliwa. Nakala hupewa mwenye gari pamoja na vipuri vilivyotolewa. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaoridhisha na haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike nayo. Kadi ya kazi iliyojazwa vyema hutimiza sehemu kubwa ya wajibu huo, na humlinda fundi pale lawama inapozuka.

Mwenye gari akiagiza washa zibadilishwe bila kuhangaika na klachi iliyosababisha uharibifu, fundi humweleza athari zake, huandika ushauri alioutoa na kumwomba aweke sahihi. Akitakiwa kujaza mchezo kwa bati au kuandika tarakimu ambayo hakuipima, hukataa. Malipo ya kazi moja hayalingani na jina la fundi.

Uangalifu wa namna hii hufungua milango ya kitaaluma. Soko la magari ya zamani lipo katika ukanda huu, na mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yameonyesha kwamba wapo wenye magari wanaohitaji kazi ya kiwango cha juu yenye uthibitisho wa maandishi. Fundi aliyejifunzia gerejini anaweza kuomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, impime na kuurasimisha ujuzi alioupata nje ya darasa. Nchini Kenya anaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Faili la kadi za kazi zenye vipimo kamili humsaidia kuonyesha mbele ya mtahini, mwajiri au mteja mpya kwamba anachokifanya anakijua.

Basi kranki isifungwe moja kwa moja kabla maswali matatu hayajajibiwa kwa maandishi: mchezo ulikuwa kiasi gani, ni nini kilichousababisha, na sasa ni kiasi gani. Jibu moja likikosekana, kazi haijafikia hatua ya kukabidhiwa.